Kiti Walichoniletea

Mwaka 2006, katikati ya kiangazi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minane, niliwekewa kiti katika ua uliojaa wanawake walioketi chini. Ilikuwa Jumanne, tarehe 11 Julai. Vumbi la Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura, lilikuwa limelala juu ya majani ya mpapai kama unga. Nyuma ya pazia la kanga zilizoshonwa pamoja, mikono ya watu wengine ilikuwa ikimwosha marehemu Bi Mwamini, mwanamke niliyeishi naye chumba kimoja kwa miaka tisa, ambaye ndiye aliyenifundisha kushona. Nilikuwa nimekwisha kukunja mikono ya gauni langu na kusogea hadi kwenye pazia. Bi Tatu, mkuu wa waoshaji, alinitazama unene wangu kuanzia kifuani hadi miguuni, akarudisha macho juu, kisha akaniambia kwa upole ambao hadi leo naona afadhali ungekuwa ukali: “We mwanangu, kaa. Hiyo miguu yako haitaweza. Muleteeni kiti.”

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu mwezi uliopita nilimwosha marehemu Salma, rafiki yangu. Walinipigia simu baada ya sala ya alfajiri, nami nikafika kabla jua halijapanda juu ya paa za mtaa wa Buyenzi. Wanawake wa siku hizi wana meza ya bati ing’aayo, yenye kingo zilizoinuka na tundu upande wa miguuni, na mpira wa maji unaoning’inia ukutani. Walimlaza Salma mezani kwa shuka, wakashirikiana watu sita, nami nikasimama kichwani nikishika mpira wa maji. Kila kitu kilikwenda kwa adabu, sina la kulalamikia. Hakuna aliyepakata. Hakuna aliyehitaji kupakata. Mwanamke mmoja kijana, akiona natazama meza kwa muda mrefu, aliniuliza, “Bi Aziza, umechoka? Tukuletee kiti?” Nikamwambia apana. Nilirudi nyumbani, nikakaa chumbani peke yangu, nikaanza kuandika.

Kwa asiyejua, lazima nieleze. Zamani hizo katika mitaa yetu, maiti wa kike hakulazwa juu ya meza wala ubao. Alipakatwa. Mfereji mfupi ulichimbwa, wanawake wanne wakaketi juu ya vigoda, wawili upande huu na wawili upande ule, magoti yao yakakutana juu ya mfereji, na maiti akalazwa juu ya mapaja yao kama mtoto. Mkuu wao aliyemwagia maji alisimama. Wanne walioketi hawakutakiwa kutikisika mpaka mwisho, kwa kuwa paja likitikisika, kichwa cha maiti huyumba, na kichwa cha maiti kikiyumba ni kana kwamba anakataa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Nafasi ya kichwani ilipewa mwenye mkono mwepesi, ya miguuni mwenye umri mdogo, na zile mbili za kiunoni, ambako uzito wote wa mwili hukaa, zilipewa wenye mapaja ya kuaminika. Walioosha hawakusimulia walichokiona. Mwanamke aliyepakatwa na watu wanaomjua aliondoka duniani akiwa ameshikwa na miili, si na mbao, na mtu wake wa karibu alistahili kuwa mmojawapo wa hiyo miili. Bi Mwamini hakuwa na mtu wa karibu zaidi yangu. Aliondoka juu ya mapaja ya majirani, nami niko kitini.

Wengi watadhani kiti ni heshima. Mahali pengine huenda ni hivyo. Kwetu sisi, arusini, maulidini na matangani, wanawake huketi mkekani, na maneno yote yenye thamani husemwa mkekani, kwa sauti ya chini, goti kwa goti. Mwanamke aliyewekwa kitini husikia vichwa vya habari tu. Anaona mitandio kwa juu, anaona mistari ya katikati ya misuko, haoni uso. Sinia la pilau huwekwa katikati ya wanne au watano, vidole vikikutana katika wali, mmoja akimsogezea mwenzake kipande cha nyama. Mimi nililetewa sahani yangu peke yangu, na kijiko. “Mpeni Aziza sahani, asihangaike kuinama.” Walisema hivyo kwa huruma ya kweli, na ndiyo maana sikuweza kuwajibu. Niliposwali nyumbani, niliswali juu ya sanduku la Bi Mwamini, nikiashiria sijida kwa kichwa, kwa kuwa nilikuwa nimeamini kama wao kwamba nikishuka chini sitainuka.

Habari za wazazi wangu na za kwetu nilikotoka si za simulizi hii. Baada ya matanga nilibaki na chumba, vitanda viwili, sahani mbili za bati la rangi na cherehani ya miguu iliyokaa chini ya dirisha. Mchana nilishona sare za shule na magauni ya arusi za watu. Jioni nilikwenda kwenye masomo ya watu wazima, nyuma ya msikiti, ambako nilikuwa nimeanza kusoma nikiwa na miaka ishirini na miwili, mzee kuliko mwalimu. Mwalimu huyo alianza kila kipindi kwa kuandika tarehe ubaoni na kutuamuru tuinakili kabla ya neno lolote. Tarehe ndicho kitu cha kwanza nilichoandika maishani bila kusaidiwa, na ndiyo sababu sizipotezi. Nikirudi nilipika mboga ya lengalenga na samaki wadogo wa ndagala, nikala kwa sahani moja, nikaosha zote mbili. Sijui kwa nini niliiosha na ile ya pili. Redio ya jirani ilipita ukutani, na watu wa chumba cha pili waligombana kwa Kirundi na kupatana kwa Kiswahili, nami niliwafuata kama mtu anayefuata mchezo. Maneno ya Bi Tatu yalikuwa yamekaa ndani ya chumba pamoja nami. Hayakuwa tusi, na tusi ningelipangusa. Alikuwa ametoa habari: miguu yako haitaweza. Nikawa nataka mtu anihakikishie habari hiyo, au aikanushe, kwa kipimo.

Mteja wangu mmoja, muuguzi, ndiye aliyenieleza kwamba katika hospitali moja ya upande wa juu wa mji yuko daktari anayewatibu watu wanene, na kwamba daktari huyo hamwandikii mtu mazoezi kabla ya kumpima nguvu za mapaja. Nilikwenda tarehe 22 Agosti. Kazi ya kupima ilikuwa ya Goreth, kine wa hospitali, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, mwanamke mwembamba wa umri wangu aliyetembea kama anayechelewa basi. Chumba chake kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na mpira, dirisha lake likitazama ziwa kwa mbali. Alianza kwa maswali.

“Kwenu nani mwingine iko munene? Mama? Dada?”

“Sijui.”

“Hujui ao hutaki kusema?”

“Sijui, na sitaki kusema.”

Alicheka, akaandika jambo. “We ulianza kunenepa lini?”

“Nilipofika kwa Bi Mwamini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.”

“Alikupikia vizuri.”

“Ego,” yaani ndiyo, nikamjibu kwa Kirundi, lugha yake. “Vizuri sana.”

Kisha akaniketisha kwenye kiti. Nilikitazama kiti kile kwa chuki kabla sijakikalia. Kilikuwa cha chuma, kimefungwa sakafuni kwa misumari mikubwa. Alinifunga mkanda kifuani na mwingine juu ya paja ili nisisukume kwa kiuno, akanivika utepe mpana kwenye kifundo cha mguu, na utepe huo ukaunganishwa kwa mnyororo na saa ndogo ya kupimia iliyofungwa nyuma ya mguu wa kiti.

“Sasa nyoosha mguu. Hautanyooka, usijali. Sukuma kama vile unafunga mulango na mwizi iko inje.”

Nikasukuma. Nilisukuma mlango wote wa mwaka ule. Mshale wa saa ulikwenda upande ambao sikujua kama ni mzuri au mbaya. Goreth akaniambia nipumue, nirudie, akabadilisha mguu. Halafu akajifunga yeye mwenyewe katika kiti hicho hicho, akanipa kazi ya kutazama mshale, akasukuma hadi shingo ikatoka mishipa. Mshale wake haukufika nilipofika.

“Yoo,” alisema, akijifungua mikanda. “Kwani we unafanya kazi gani?”

“Mi nashona. Cherehani ya miguu.”

“Cherehani inasaidia, lakini si hiyo tu. We unajibeba kila siku. Mutu akibeba gunia asubuhi mpaka jioni, mapaja yake yanajifunza. Nguvu iko mingi kuliko yangu. Lakini na muzigo iko mingi kuliko wangu. Tukigawa nguvu kwa kilo, kila kilo inapata kidogo. Njo maana ngazi inakuchokesha, na kuamuka chini inakushinda.”

Kutoka kwenye benchi la nyuma yangu, ambako nilidhani amekaa mtu anayesinzia, ikaja sauti: “Sasa mbona munagawa? Kwani nguvu ni bugali?”

Huyo alikuwa Salma. Alikuwa na miaka ishirini, bintiye mfanyabiashara wa vitambaa mwenye asili ya Omani, watu waliokuwa na duka mjini tangu babu zao, na alikuwa mnene kuliko mimi kwa namna ambayo ilinifanya, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, nijione kama mtu wa kadiri. Mama yake alikaa pembeni yake akiwa na ufunguo shingoni, umefungwa kwa uzi mweusi. Ulikuwa ufunguo wa kabati la chakula. Salma alikuwa na njaa tangu kabla hajaweza kutembea. Alikula akalia, akalala akaamka na njaa. Watu walisema ni mali ya baba yake, kwamba Waarabu wanamlisha halua usiku na mchana. Nyumbani kwao hakuna aliyemruhusu kunyanyua hata birika. Maji aliletewa, viatu alivalishwa, na kila alipojaribu kusimama mtu alikimbia kumshika mkono. Goreth alipompima, mshale wake ulifika karibu na nilipofika mimi. Mama yake alikataa kuamini. “Huyu hatembei,” alisema. “Huyu hawezi. Kipimo chenu kimeharibika.”

“Mama,” Salma akamwambia, “kipimo ni kizima. Ni nyinyi munanishikashika.”

Tangu siku hiyo nilikuwa na mtu mmoja mjini Bujumbura. Nasema mmoja, na sikumwona zaidi ya mara moja kwa juma, kwa kuwa yeye alikuwa mtoto wa nyumba kubwa na mimi fundi wa kushona wa Bwiza. Siku zilizobaki zilikuwa kama zilivyokuwa. Goreth alitufundisha pamoja jambo ambalo watu wembamba hawajui kwamba ni elimu: kuinuka kutoka chini. Ujigeuze ubavu kwanza. Upige magoti. Ulete mguu mmoja mbele, unyayo wote ardhini, mikono uiweke juu ya goti lako mwenyewe, si kwa mtu, si ukutani. Kisha usukume ardhi. “Musijivute juu,” alisema kila mara. “Musukume chini. Ardhi njo itawapandisha.” Jumapili asubuhi gari la baba yake Salma lilitupeleka Kajaga, kabla ya watu wa muziki na mishikaki kufika ufukweni. Tulitandika mkeka mchangani, mbali na wavuvi wanaokunja nyavu, tukashuka, tukainuka, tukaanguka. Mara ya kwanza nilipoinuka peke yangu, ziwa lilikuwa kimya kabisa na hakuna aliyepiga makofi, kwani Salma mwenyewe alikuwa amelala chali akicheka na hawezi kugeuka. Nilisimama pale juu ya mkeka nikitazama milima ya ng’ambo. Nilitamani Bi Mwamini angeniona. Sikuwa na mwingine wa kumtamania hilo.

Siku moja ya Oktoba, mvua za kwanza zikiwa zimeupiga mchanga ukawa mgumu kama sakafu, Salma aliniuliza nikifa nitaoshwa na nani. Nikamwambia sijui. Akasema yeye amekwisha kufikiri.

“Mi nikikufa wataita mafundi wa magari kutoka Mutakura. Wale wako na ile minyororo ya kuinua injini.”

Nilicheka, naye akacheka, halafu akaacha kabla yangu.

“Nasema kweli, dada Aziza. Nani atanipakata? Watasema mapaja yao yalikufa ganzi. Watasema kwa arusi, watasema kwa soko. Mutu mwembamba akioshwa, hawasemi. Munene wanasema.”

“Mi nitakupakata.”

“We? We ambaye hata kwa pilau wanakuwekea chaise, kiti chako peke yako?”

Nilikunja mkeka. Lakini ndipo nilipojua kwamba ninachokitaka si kurudishiwa siku ya Bi Mwamini, ambayo haikuweza kurudi. Nilitaka nafasi katika ule mduara wa magoti, kwa haki, ili mwanamke mwenye mwili kama wangu asiondoke mikononi mwa watu wanaomwogopa.

Mwezi wa Februari 2007 majibu ya damu ya Salma yalirudi kutoka Ulaya, ambako baba yake alikuwa ameipeleka damu hiyo kupitia kwa daktari. Nilikuwa koridoni siku hiyo, nikisubiri zamu yangu. Daktari aliwaeleza kwamba unene wa Salma ulianzia tumboni mwa mama yake, kwamba kuna ujumbe wa kushiba ambao miili yetu hujiandikia na mwili wake ulizaliwa bila kuweza kuusoma. Si halua, si uvivu, wala si malezi. Mama yake alitoka, akakaa benchini karibu nami bila kunisalimu. Alivua ule ufunguo shingoni. Aliuweka kiganjani, akautazama kama mtu anayetazama jino lililong’oka. Kwa miaka mingi alikuwa amempiga bintiye vidole kila vilipokwenda sahanini. Kisha, kwa kuwa njaa ya Salma ilikuwa bado iko pale pale, iwe na jina au isiwe na jina, aliuvaa tena, akauficha ndani ya nguo.

Zamu yangu ilipofika nilimwuliza daktari kuhusu mimi. Alisoma alichoandika Goreth, akaniambia kwamba wangu ni unene wa kawaida. Alitumia neno hilo kwa wema, kama habari njema. Lakini nilitoka nalo mlangoni na jua likanipiga usoni, na nikaona kwamba nilikuwa nimetumaini jina. Salma alikuwa amesamehewa na damu yake. Mimi nilikuwa na mchuzi wa Bi Mwamini, mafuta ya mawese, na miaka ya kukaa dirishani. Niliupenda kila mwaka wa hiyo miaka, na sasa ilinibidi niihesabu kuwa ugonjwa. Salma alinisubiri chini ya kivuli cha jengo.

“Mi niko na jina ya ugonjwa kama ya dawa. We wamekupa nini?”

“Kawaida.”

“Pole,” alisema, na alisema kwa moyo, kisha tukacheka mpaka mlinzi akatutazama. Baadaye ndipo alipoongeza jambo ambalo daktari alimwambia mwisho, akiwa ameweka vipimo vyetu kando kwa kando: kwamba kwa miguu peke yake asingeweza kujua nani kati yetu alizaliwa hivyo na nani alifikia hivyo. Mapaja yetu yalikuwa na nguvu ileile. “Miguu haiulizi sababu,” Salma alisema. “Inabeba tu.” Nimeishi na maneno hayo kuliko mengi niliyofundishwa shuleni.

Tarehe 14 Aprili alikufa mke wa mwenye duka la mkaa katika barabara yetu, mama mwenye mwili mkubwa. Niliketishwa kitini kama ilivyo ada, karibu na pazia, na watu walipokuwa wakisoma Yasini upande wa pili wa ua nilisikia yasiyokusudiwa kusikika.

“Shika, shika kiunoni.”

“Nimeshika, ni paja linakufa ganzi.”

“Mama Shabani, usisogee.”

“Sisogei, Bi Tatu. Nateleza.”

“Subhanallah. Musimwachie. Musimwachie mama wa watu.”

Ikafuata kelele ya kigoda kikiburuta, na maji yaliyomwagika ovyo. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Lakini wanawake wote mkekani waliinamisha vichwa, na mabinti wa marehemu walisikia. Nilisimama kutoka kitini, nikasogea, nikasema kupitia pazia: “Nikae kiunoni?” Bi Tatu alijibu, akihema: “Apana, mwanangu. Si leo.” Nilirudi. Hata hivyo nilisikia alichosema. Mwaka uliotangulia alisema miguu haitaweza. Safari hii alisema si leo.

Nilimwendea barazani kwake juma lililofuata, nikamwomba rasmi. Aliniambia waoshaji hukutana kila mwezi, na kwamba jambo kama hili halikatwi na mtu mmoja. Siku waliyoniita ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Mei 2007, baada ya sala ya alasiri. Nilimwambia Salma anisindikize, kwa kuwa sikuwa na ndugu wa kunisindikiza. Wanawake walikuwa wameketi mkekani uani kwa Bi Tatu. Kiti kilikuwa kimekwisha kuwekwa, na cha pili kikatafutwa haraka walipomwona Salma. Sikukaa. Nilishuka mkekani, taratibu, kama nilivyofundishwa, na Salma akashuka kando yangu. Mtu mmoja alisema “pole pole, jamani,” na mwingine akamwambia anyamaze.

Mama Shabani ndiye aliyenipinga, na nikiri hapa kwamba alinipinga kwa haki. Alikuwa mwanamke wa ulimi mkali, lakini hoja yake haikuwa ya ulimi.

“Mi sina neno na Aziza. Ni mutoto wa Bi Mwamini, twamujua. Lakini akishindwa, atakayeanguka si yeye, ni maiti ya watu. Aibu itakuwa yetu sote. Nani atajua kama anaweza, mpaka siku ya siku?”

“Mulijua vipi kama we unaweza?” Salma akauliza.

“We mutoto, nani amekuita?”

“Hakuna. Nauliza tu.”

Bi Tatu alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Kisha akasema kuna njia moja, ambayo mwalimu wake aliitumia zamani: mtu aliye hai alale, apakatwe, aoshwe kavu. Hakuna mwanamke aliyetaka kulala mahali pa maiti akiwa hai. Ni kujiitia, walisema. Mmoja akasema ana ujauzito. Mwingine akasema ana mafua. Bi Tatu akawatazama mmoja mmoja. “Nani atakubali?”

“Mi,” Salma akasema. “Mi ndiye mzito. Nyinyi wembamba mutadanganya kipimo.”

Tulikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mfereji. Vigoda vikapangwa. Nilikaa kiunoni upande wa kulia, Mama Shabani akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Wengine wawili wakachukua kichwa na miguu. Salma, akiwa na nguo zake na kanga juu, aliwekwa juu yetu. Mwanzoni alikuwa mwepesi. Bi Tatu akaona. “Unajishikilia, mwanangu. Mutu aliye hai hujishikilia. Maiti haijishikilii. Legeza.” Salma akafumba macho, akalegea, na hapo uzito wake wote ukanijia. Sijawahi kupewa kitu kama kile. Alikuwa mtu ambaye kila siku ya maisha yake ameshikwashikwa na watu waliodhani ataanguka, na sasa alijiachia kabisa. Nilisukuma ardhi kwa nyayo. Bi Tatu akaanza kumwaga maji ya kujifanya kutoka birika tupu, akisema kila hatua kwa sauti: mkono wa kulia, ubavu wa kulia, mgeuzeni. Tukamgeuza. Halafu, bila kutuonya, akachukua birika lenye maji, akammwagia.

“Ai,” Salma akashtuka.

“Maiti amesema,” alisema mwanamke wa kichwani, na wanne tukacheka bila kutikisa mapaja, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika.

Bi Tatu hakuharakisha. Naamini alirefusha makusudi. Uso wa Mama Shabani ukaanza kung’aa jasho. Nikaona goti lake likicheza dhidi ya langu, kama lilivyocheza bila shaka siku ya mke wa mwenye mkaa. Hakusema. Nami sikusema. Nilisogeza unyayo mbele kidogo, nikainua paja, nikachukua sehemu ya uzito uliokuwa wake. Alihisi. Alinitazama kwa ghafla, kisha akashusha macho, na goti lake likatulia. Nguvu zile zilizogawanywa kwa kilo hospitalini, zikapatikana kidogo, hapa hakuna aliyezigawa. Nilikuwa nimeketi chini, ardhi ilikuwa inanibeba mimi, na mapaja yangu yote yalikuwa ya Salma.

“Basi,” Bi Tatu akasema. Tukamwinua. Mama Shabani alisimama kwa kushika ukuta, akasugua mapaja yake, akatangaza bila kuulizwa: “Mi sina neno tena. Mi nasema hivi, hakutikisika.”

Tulirudi mkekani. Bi Tatu alituuliza mmoja mmoja kama kuna mwenye pingamizi, kama ilivyo desturi, na hakukuwa na mwenye pingamizi. Akasema, “Kuanzia leo kiunoni ni Aziza,” akainua mikono, na sote tukasoma Fatiha, kwa maana kwetu jambo likisomewa Fatiha limekatwa na halifunguliwi tena. Sinia likaletwa, wali na maharage ya nazi, likawekwa katikati ya magoti yetu. Mtu mmoja, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kunipakulia sahani. Alisimama nayo kidogo, akaimimina tena siniani. Vile viti viwili vilibaki peke yake katikati ya ua. Kanga ya Salma iliyolowa ilianikwa juu ya kimoja, ikidondosha maji vumbini.

Salma alikula kwa haraka, kama alivyokula daima, na hakuna aliyempiga vidole. Alikuwa ameniegemea bega, bado baridi kwa maji. “Umesikia Fatiha,” aliniambia, mdomo umejaa. “Siku yangu ikifika, kiunoni ni we. Usipeane nafasi kwa mutu.”

Nikamjibu inshallah, kwa sauti, ili wanawake wote mkekani wawe mashahidi.